Jiomatiki na Jiografia: Somo la Kilima cha Nyanchwa kwa Watoto wa Pwani



Kila yanapotoka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, na vijana wakaanza kuchagua vyuo, hutujia wazazi na karatasi yenye majina ya kozi. Udaktari wanaujua, uhasibu wanaujua, ualimu wanaujua. Lakini binti akisema kwamba anataka kusoma jiografia, au akataja jina geni zaidi la jiomatiki, mama hukunja uso na kuuliza: "Sheikh, hiyo ni kazi gani?" Na akisikia kwamba chuo chenyewe kiko Kisii, au Juja, au Nyeri, swali la pili huja kabla ya jibu la kwanza: "Na kwa nini mwanangu aende mbali hivyo kusoma ramani?"

Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kumkemea mzazi. Tumeona tulijibu kwa kukitumia kilima kimoja, kilima cha Nyanchwa, kilicho ukingoni mwa mji wa Kisii, ambacho wengi wanakijua kwa misheni ya Waadventista na shule zake. Si kwamba elimu hii yote inafundishwa Nyanchwa. Ni kwamba kilima kile kinatuonyesha waziwazi yale ambayo tambarare ya Pwani inatuficha.

Elimu mbili, jicho moja

Jiomatiki ni elimu ya kupima dunia na kuiandika. Mwanafunzi wake hujifunza kupima pembe, masafa na vimo. Kupokea ishara za setilaiti ili ajue mahali alipo. Kusoma picha zilizopigwa kutoka angani. Na kuyaweka yote hayo katika ramani za kompyuta. Jiografia, kwa upande wake, huuliza kwa nini: kwa nini mvua inyeshe hapa na pale pakauke, kwa nini watu wajazane huku na kule kubaki pori, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Jiomatiki hukwambia shamba lina ekari nne. Jiografia hukwambia ni ekari ipi kati ya hizo nne itakayokulisha.

Sasa tupande Nyanchwa. Mji wa Kisii umekaa katika kimo cha takriban mita 1,700 juu ya bahari. Na bahari hiyo ni ipi? Ni hii yetu. Vimo vya Kenya vinahesabiwa kuanzia usawa wa wastani wa maji ya bahari uliopimwa Kilindini, Mombasa. Kwa hiyo kila mpima ardhi anayeandika kimo cha kilima kule Gusii anaanza hesabu yake mlangoni petu, na watoto wetu wengi hawalijui jambo hilo.

Aliyesimama juu ya mteremko kama ule akashika kamba ya mita 100 na kuilaza juu ya ardhi kuteremka bondeni, ataapa kwamba amepima mita 100. Lakini ramani haihesabu hivyo. Ramani huandika masafa kana kwamba ardhi imelala sawa kama mkeka. Ikiwa mteremko una pembe ya nyuzi 20, zile mita 100 za kamba ni mita 94 tu katika ramani. Mita sita zimepotea bila mwizi. Katika nchi yenye watu wachache huenda asijali mtu. Lakini kwa hesabu ya watu ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, ilhali Kwale ilikuwa na zaidi kidogo ya 100. Pale mita sita ni chumba cha mtoto, au ni ugomvi wa ndugu wawili hadi kaburini.

Vipande virefu vya Gusii

Mwenye kutazama milima ya Gusii kwa makini ataona mashamba yamekatwa kwa urefu, vipande vyembamba vinavyoanzia juu ya mgongo wa kilima na kushuka mpaka kijitoni. Mgeni huona vurugu. Mwanajiografia huona hekima. Juu kuna njia na mahali pa kujenga. Katikati kuna udongo mwekundu wa migomba, mahindi na chai. Chini kuna maji na majani ya ng'ombe. Wazee waligawa hivyo ili kila nyumba ipate njia, shamba na maji. Lau wangekata kwa mapana, mtoto mmoja angepata barabara asipate maji, na mwingine angepata maji na bonde lenye matope asipate pa kujenga, hata kama ekari zao zingelingana.

Kila kizazi kinapogawa tena, vipande hivyo huzidi kuwa vyembamba, na huo ndio mtihani wa Gusii leo. Lakini kanuni iliyomo inatugusa sisi Waislamu moja kwa moja: usawa wa ukubwa si lazima uwe uadilifu wa mgawanyo.

Mirathi hugawanywa mara mbili

Hapa tunaomba akina mama watusikilize kwa makini. Allah Subhanahu wa Taala ametubainishia mafungu ya mirathi katika Suratun Nisaa, wala hakutuachia tuyapange kwa matamanio yetu. Tuchukue mfano. Amefariki mtu akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mali yake baada ya madeni na wasia ni shamba la ekari nne. Mke ana thumni, nayo ni nusu ekari. Zilizobaki ni ekari tatu na nusu: mtoto wa kiume apate ekari moja na robo tatu, na kila binti apate thumni saba za ekari. Ukijumlisha, ni ekari nne kamili.

Huo ni mgawanyo wa kwanza, na Kadhi anaweza kuumaliza kwa kalamu. Mgawanyo wa pili ni wa juani, wa mawe ya mipaka. Nusu ekari ya mjane ikatwe wapi? Ikikatwa kwenye jabali, au pasipo na njia ya kutokea, fungu lake limetimia katika karatasi na kudhulumiwa katika ardhi. Kisima kikiingia upande wa kaka, dada wanunue maji katika shamba la baba yao? Maswali haya hayajibiwi na elimu ya faraidh peke yake. Yanamhitaji mtu anayejua kupima, na anayejua thamani ya kila upande wa shamba. Kisha mgawanyo uchorwe, uthibitishwe, na uandikwe katika ofisi ya usajili wa ardhi mpaka kila mrithi apate hati yake.

Tumeona mashamba yaliyogawanywa kwa maneno, kwa alama ya mwembe na mnazi. Mwembe umekatwa, mnazi umeanguka, mashahidi wamefariki, na mabinti hawana la kuonyesha. Mwenye kudhulumika katika mambo haya, aghalabu, ni mwanamke na yatima.

Na historia yetu ya Pwani inatufunza vivyo hivyo. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa mwambao wawasilishe madai yao kwa serikali ya kikoloni. Ardhi isiyodaiwa kwa utaratibu ule ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wako walioifahamu sheria wakaandikisha, na wako waliolima miaka yote wasijue kwamba kuna daftari. Tatizo la maskwota linalotuumiza hadi leo lina mizizi mle. Jamii isiyo na wapimaji na wasoma ramani wake hugawiwa na wengine.

Kibla na futari ya Kisii

Faida ya elimu hii haiishii katika mashamba. Makka na Mombasa zinakaribiana sana katika mistari ya longitudo: Makka iko karibu na nyuzi 39.8 mashariki, na Mombasa karibu na nyuzi 39.7. Ndiyo maana kibla cha Mombasa ni kaskazini kabisa au karibu sana na hapo. Mtoto wa Pwani hukua akijua kwamba kibla ni kaskazini. Akienda Kisii, iliyo karibu na nyuzi 34.8, na akaelekea kaskazini kama alivyozoea kwao, atakuwa amekiacha kibla kwa nyuzi 12 hivi. Inampasa aelekee kulia kidogo, upande wa mashariki. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya aliye mbali, je, analazimika kuielekea Al-Kaaba yenyewe au upande wake. Lakini mwenye uwezo wa kujua hana udhuru wa kupuuza.

Njia nyepesi iko. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Simamisha fimbo wima wakati huo, popote Afrika Mashariki. Kivuli kikielekea huku, kibla kiko upande wa pili, lilipo jua. Watoto wafanyeni hivyo nyumbani. Ni somo la kwanza la jiomatiki, na halina ada.

Na kwa kuwa Kisii iko magharibi ya Mombasa kwa nyuzi takriban tano, na jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi moja, magharibi huingia kule kama dakika 20 baada ya kwetu, zikizidi au kupungua kidogo kwa msimu. Mwanafunzi anayefuturu Kisii kwa adhana ya redio ya Mombasa anafuturu jua lingali juu. Saumu ya siku nzima huharibika kwa kutojua longitudo!

Si elimu ya kigeni

Wasidhani vijana wetu kwamba wanaazima elimu ya watu. Katika karne ya tisa, Khalifa al-Ma'mun aliwatuma wataalamu katika uwanda wa Sinjar kupima urefu wa nyuzi moja ya mduara wa dunia. Al-Biruni, katika karne ya kumi na moja, alipanda kilima huko Nandana, katika nchi iitwayo leo Pakistani, akapima kimo chake na pembe ya upeo wa macho, na kwa hivyo akakadiria ukubwa wa dunia nzima. Kilima kimoja kilimtosha! Al-Idrisi alikamilisha ramani yake mashuhuri mwaka 1154 huko Sicily, na katika kitabu chake imo miji ya pwani yetu, Malindi na Mombasa. Na kwa mabinti: Ibn al-Nadim ametaja miongoni mwa mafundi wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota na nyakati, mwanamke aitwaye al-Ijliyya, aliyehudumu kwa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab.

Wala si habari za kale tu. Kuanzia 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kutengeneza ramani mpya, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwemo wasichana, walishiriki kuzirusha. Dar es Salaam nako, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora mitaa inayofurika maji, nyumba kwa nyumba.

Njia ya kufika

Hapa Kenya, uhandisi wa jiomatiki au upimaji unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Jomo Kenyatta huko Juja, Dedan Kimathi huko Nyeri na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya; na shahada ya uhandisi kwa kawaida huchukua miaka mitano. Jiografia inapatikana katika vyuo vingi zaidi. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kikiwa chuo cha walimu na kupata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013, hufundisha jiografia sambamba na ualimu; nacho Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, karibu na nyumbani.

Lakini mlango hufungwa mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Nguzo za jiomatiki ni hisabati na fizikia. Mtoto aliyeiacha fizikia mwishoni mwa Kidato cha Pili, au aliyechagua mkondo mwingine anapoingia Gredi ya 10 katika mtaala mpya, amekwisha kujifungia. Kaeni naye kabla ya siku hiyo, si baada ya matokeo.

Kuhusu binti na umbali, hofu ya mzazi ni amana, si ujinga. Aulize: binti atalala wapi, na nani, na chakula chake ni kipi? Je, kuna jumuiya ya wanafunzi Waislamu na msikiti ulio karibu? Masomo ya nyanjani yana wanawake wenzake na msimamizi? Mahram wake atamsindikiza na kumwona mahali anapokaa? Masharti haya yakitimia, tusimzuie kwa kisingizio kwamba kupima ardhi ni kazi ya wanaume. Mjane atakayekatiwa nusu ekari yake atakuwa na raha zaidi akimwona aliyeshika chombo ni binti mwenye hijabu anayemwita "mama".

Tunazo ardhi za wakfu zisizo na mipaka iliyopimwa, misikiti isiyo na hati, na mayatima wanaosubiri mafungu yao. Kila msikiti wenye uwezo ukimsomesha kijana mmoja tu, wa kiume au wa kike, katika elimu hii, baada ya miaka mitano tutakuwa na wapimaji wetu wenyewe.

Twamuomba Allah awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atulinde na dhulma ya ardhi, hata ya shibri moja. Amin.