Kumpeleka mzazi nyumba ya wazee si kumtupa

Siku niliyowaambia jamaa kwamba mamangu anahamia nyumba ya kutunzia wazee, shangazi aliniuliza swali moja tu: "Yaani mumemchoka?" Sikuwa na jibu. Kwetu sisi Waswahili mzazi hulelewa na wanawe mpaka mwisho, na anayefanya vyengine husemwa mtaa mzima.

Lakini shangazi hakuwa nasi usiku. Mama alikuwa akiamka saa nane, akivaa buibui na kutoka kumtafuta mamake aliyefariki zamani. Mara mbili vijana wa barazani walimrudisha. Kisha siku moja akafungua gesi asiiwashe, nyumba ikajaa harufu. Dadangu aliyemuangalia alikuwa ashaacha kazi na presha imempanda. Hapo ndipo tukakaa kikao.

Ndugu zangu, tuelewane kwanza. Kupoteza akili namna hii si uzee wa kawaida, si wazimu wala uchawi. Ni maradhi ya ubongo, na sababu yake kubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao hauna dawa ya kuuponya. Hata hivyo, anzeni hospitali. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo au maambukizi ya mkojo pia humchanganya mzee, na hayo hutibika.

Mukishaamua, nendeni mukaone wenyewe. Huku Pwani nyumba hizi ni chache, lakini musichukue ya kwanza kwa kuwa ina nafasi. Sisi tulikwenda mara mbili: asubuhi kwa ahadi, na siku nyengine karibu na Magharibi bila ya kuwaambia. Jua likitua wagonjwa wengi huzidi kuchanganyikiwa, na wahudumu nao wamechoka. Hapo ndipo utaona wanavyosema na mzee anayepiga kelele.

Ulizeni: usiku hubaki wahudumu wangapi? Nani hutoa dawa, na huandikwa wapi? Mzee akikataa kuoga, munafanyaje? Kuna uwanja wa kutembea wenye lango linalofungwa? Ada ya mwezi ina daktari na nepi ndani yake? Chakula ni halali, na atasaidiwa kutawadha? Angalieni vyoo. Mukiona mzee amefungwa kitini, ondokeni.

Kuna jambo hatukuliuliza likatugharimu. Mama ni mzaliwa wa Lamu, na ugonjwa umemrudisha kwenye Kiamu cha utotoni. Wiki ya kwanza alikuwa akiomba "mai" na mhudumu, mtu wa bara, hakujua kwamba anataka maji. Nilimkuta midomo imemkauka. Tukaandika maneno yake kwenye karatasi, pamoja na vyakula anavyopenda na jina analotaka kuitwa, tukaibandika ukutani. Fanyeni hivyo siku ya kwanza.

Siku ya kuhama, nendeni asubuhi akiwa ameshiba na kupumzika. Mpelekeeni leso zake, mto wake, tasbihi na picha za zamani. Akisema "nataka kwetu", musibishane naye. Akimuulizia mamake, usimwambie amekufa, kwani kila mara ataupokea msiba upya. Mwambie, "Hebu nihadithie habari zake."

Kisha pangeni zamu. Mimi huenda Ijumaa, kakangu Jumapili, na dadangu siku yoyote bila ya taarifa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Kulipa ada hakukuondoi wewe katika hao jamaa.

Siku nyengine mama hanijui, ila nikimsuka nywele hutulia. Shangazi bado hajaenda kumuona. Nimemwambia zamu ya Jumatano iko wazi.