Mtu wa Kumwonyesha Mkimbizi Njia

Kitale na Bungoma hazina kambi ya wakimbizi, na ni nadra kutajwa panapozungumzwa habari za wakimbizi nchini Kenya. Ramani, hata hivyo, inasema mengine. Barabara inayotoka Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, hupita Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, na Lodwar, ikapanda Marich hadi Makutano kabla ya kufika Kitale. Magharibi mwa mji huo, ukishapita Endebess, kuna mpaka wa Suam. Bungoma nayo imekaa kwenye barabara kuu na reli ya kwenda Malaba, na kaunti yake inapakana na Uganda pale Lwakhakha. Familia nyingi za Sudan Kusini zimepanga nyumba Kitale ili watoto wasome kwa utulivu, na ziliongezeka baada ya vita kuzuka nchini mwao Desemba 2013. Baadhi yao wana hati za ukimbizi, wengine wana pasipoti tu, na wapo wasio na karatasi yoyote. Watu hawa wako mbali na madawati ya mashirika makubwa, kwa kuwa kutoka Kitale hadi Kakuma ni mwendo wa takriban kilomita 400. Anayewafikia kwanza kwa kawaida ni mwananchi wa kawaida: muumini wa parokia, mwanachama wa tawi la Msalaba Mwekundu, mwalimu mstaafu, mama wa jirani. Hoja ya makala hii ni kwamba msaada mkubwa kuliko wote ambao mwananchi huyo anaweza kuutoa ni kuijua njia ya kisheria na kumsindikiza mgeni katika njia hiyo. Unga na nguo vina umuhimu wake, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya msaada huo.

Ili kuona kwa nini iwe hivyo, tuanze na sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika mapema 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2006, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze mwenyewe kwa maafisa wanaohusika mara tu anapoingia nchini, na kwa vyovyote vile kabla ya siku 30 kupita. Kazi ya kumsajili na kuamua ombi lake ni ya Idara ya Huduma za Wakimbizi. Mkataba wa kimataifa wa 1951 unakataza kumwadhibu mtu kwa kuingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja mahali palipohatarisha maisha yake na akajipeleka kwa wenye mamlaka bila kukawia. Kwa hiyo muda ni ngao. Anayefika Kitale usiku na watoto watatu, asijue Kiswahili wala Kiingereza, haijui hesabu hiyo ya siku. Mtu wa kwanza kumweleza habari za karatasi huenda akawa dalali anayemwambia kwamba usajili unanunuliwa. Huo ni uongo: kusajiliwa kuwa mkimbizi ni bure, na huduma za shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR, nazo ni bure. Maneno hayo machache, yakisemwa mapema na kwa lugha anayoielewa, yanaweza kuokoa akiba yake yote na kumwepusha na mahabusu.

Hapo ndipo thamani ya kituo cha mlango wazi inapoonekana. Kituo cha namna hii hakihitaji jengo la fahari. Ukumbi wa kanisa, chumba kando ya msikiti au ofisi ya shirika la kijamii inatosha, mradi siku na saa zijulikane na mtu aweze kuingia bila miadi. Ndani yake panahitajika meza, daftari linalofungiwa kabatini, mkalimani wa Kinuer, Kidinka au Kiarabu cha Juba, na watu wanaojua ofisi ipi inafanya nini. Mgeni huketi, akapewa chai, akasikilizwa. Kisha kazi yenyewe huanza. Mama aliyejifungua husaidiwa kuripoti uzazi ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa shule itakiulizia cheti hicho baadaye. Mgonjwa hupelekwa hospitali pamoja na mtu wa kumtafsiria. Mwenye kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya masomo au matibabu hukumbushwa tarehe ya kibali hicho kuisha. Anayehitaji wakili huunganishwa na mashirika kama Kituo Cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya, ambayo yamebobea katika kesi za wakimbizi. Shirika la Kijesuiti la Wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1980, limeweka kuandamana na mkimbizi kuwa jambo la kwanza katika wito wake, kabla hata ya kumhudumia. Mpangilio huo una hekima, kwa sababu anayeandamana na mtu huona kizuizi kilipo hasa, ilhali anayegawa vitu huona foleni tu.

Ushahidi wa hoja hii hatuhitaji kuutafuta ng'ambo, kwa kuwa umo katika historia yetu ya karibuni. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilihesabu watu 663,921 waliofurushwa makwao. Takriban 350,000 walikaa katika kambi 118, na uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa mojawapo. Waliobaki, 313,921, walipokelewa majumbani na jamaa, marafiki na watu baki. Idadi hiyo ni karibu nusu. Mwananchi asiye na cheo wala bajeti alibeba mzigo uliokaribia kulingana na ule wa kambi zote kwa jumla. Hata hivyo fidia ilipoanza kutolewa, zile shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujengea nyumba, wengi waliokuwa wakiishi kwa watu walilalamika kwamba hawakufikiwa. Walikuwa na paa na chakula, lakini majina yao hayakuwa kwenye orodha. Wenyeji wao walitoa ukarimu wote waliokuwa nao, ila hapakuwa na wa kuwapeleka kwenye dawati la kuandikishwa kwa wakati. Ukarimu usioambatana na taarifa ulimlisha mtu huku ukimwacha nje ya haki yake.

Mlima Elgon unatufundisha jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, ambalo kuanzia 2006 liliua mamia ya watu na kuwafukuza makumi ya maelfu kutoka Cheptais, Kopsiro na vijiji vingine. Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha, na maelfu ya wanaume walikamatwa. Watetezi wa haki za binadamu wamekadiria kwamba zaidi ya watu 300 walitoweka, baadhi mikononi mwa wapiganaji na baadhi mikononi mwa vikosi vya usalama. Waliobaki walikuwa wajane wasio na vyeti vya vifo, na bila cheti cha kifo mambo ya urithi na ardhi hukwama. Mashirika madogo ya Bungoma, likiwemo Mwatikho la waathiriwa wa mateso, yalifanya kazi isiyopigwa picha: kuandika majina na maelezo ya walioteswa, na kuwasaidia kupata matibabu na kufikia sheria. Familia hizo zilikuwa za Wakenya ndani ya Kenya, lakini hitaji lao la kwanza halikutofautiana na la mgeni kutoka Sudan Kusini. Zilihitaji mtu wa kuzisikiliza, kuandika kwa usahihi, na kuzipeleka mahali panapostahili.

Wapo watakaosema kwamba Trans Nzoia na Bungoma zina maskini wa kutosha, na kwamba anayejitolea aanze na watoto wanaolala mitaani Kitale. Neno hilo lina uzito, na atakayelidharau atawapoteza majirani ambao kituo kinawategemea. Lakini kituo kinachotoa taarifa na kusindikiza watu hakigawi keki inayokwisha. Anayejua namna ya kupata cheti cha kuzaliwa humsaidia mjane wa Cheptais na mama wa Juba kwa ujuzi ule ule, na mlango uliofunguliwa kwa wote huondoa wivu kabla haujaota. Isitoshe, mgeni huwa na cha kutoa. Enzi za Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, wasomi wengi wa Uganda walikimbilia Kenya, na shule zetu za sekondari zilipata walimu kutoka miongoni mwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukumbuke pia kwamba mwanzoni mwa 2008 Wakenya wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda, wakapokewa Malaba na Mulanda, na baadhi yao baadaye wakapewa makazi Kiryandongo. Hisani ile haikulipwa kwa fedha. Inalipwa kwa namna tunavyompokea anayekuja kwetu.

Pingamizi la pili ni la usalama. Wakazi wa mpakani wana sababu ya kuuliza nani ameingia na kwa nini, hasa wale waliouona Mlima Elgon ukiwaka. Lakini tuangalie njia mbili zilizopo. Mgeni asiye na wa kumwelekeza hujificha, huhama nyumba hadi nyumba, na humtegemea dalali aliyemvusha. Mgeni aliyeelekezwa hufika kwa afisa, huchukuliwa alama za vidole, na huandikwa anapoishi. Kwa hiyo kituo cha kujitolea kinatimiza kile ambacho chifu na polisi wanakitaka, yaani watu wajulikane. Kinachotakiwa ni kituo kisigeuzwe kuwa mtego. Siku mgeni mmoja atakapokamatwa akitoka mlangoni pake, wengine wote watarudi mafichoni, na usalama utakuwa umepungua.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kazi hii ni ya serikali na Umoja wa Mataifa, na kwamba raia wasio na mafunzo wanaweza kudhuru. Sehemu ya kwanza ni kweli: wajibu ni wa dola, na hakuna kikundi cha kanisa kinachoweza kuamua ombi la hifadhi. Lakini mwaka 2025 fedha za misaada ziliporomoka, na mgao wa chakula katika kambi za Kenya ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Njaa ya Kakuma huwasukuma watu barabarani, na barabara hiyo inafika Kitale. Kungoja mfumo ukamilike ni kumwacha mtu steji. Sehemu ya pili ya pingamizi ni kweli pia, na ndiyo inayonifanya nidai kanuni. Anayejitolea asiahidi kupelekwa Marekani wala Kanada. Asipokee hata shilingi, asimlaze msichana nyumbani kwake bila utaratibu unaojulikana, asisimulie habari za mtu sokoni, na asimpige picha kwa ajili ya wafadhili. Apate mafunzo ya wasaidizi wa sheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua. Nia njema bila kanuni ni hatari, na dawa ya hatari hiyo ni kuwafunza watu na kuwasimamia.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia wakimbizi waishi na kufanya kazi pamoja na wenyeji badala ya kungojea misaada kambini. Mazungumzo yake mengi yamehusu Turkana na Garissa, zenye kambi. Lakini mtu anayeruhusiwa kujitegemea atafuata shule, soko na hospitali, na vyote hivyo viko katika miji kama Kitale na Bungoma. Serikali za kaunti hizi mbili zinaweza kuanza kwa hatua ndogo zinazopimika: kutenga chumba katika ofisi za umma kwa ajili ya kituo hicho siku mbili kwa wiki, kulipia nauli ya wakalimani, na kuiomba Idara ya Huduma za Wakimbizi ilete afisa Kitale kwa tarehe zinazotangazwa, ili mama mwenye watoto asilazimike kusafiri hadi Turkana kuuliza swali moja. Makanisa na misikiti tayari ina watu walio tayari kukaa kwenye meza hiyo bila malipo. Kinachokosekana ni mamlaka kuwatambua, kuwafunza na kuwasikiliza, maana wao ndio wanaojua ni wapi hasa sheria nzuri ya 2021 inakwama kabla ya kumfikia mtu ambaye iliandikwa kwa ajili yake.