KIPIGO CHA KWANZA NYUMBANI: SHERIA INASEMA NINI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, ukurasa huu huwa unasema juu ya kofia, viatu na hewa mbaya ya shimoni. Leo tunaingia nyumbani. Yuko mtu anayefuata kila amri ya usalama kazini, lakini siku ya mshahara anarudi kwake na pombe kichwani na kumpiga bibi yake. Polisi wakibisha, anasema: «Haya ni mambo ya nyumba yangu, tena ni mara ya kwanza.» Je, neno hilo litamwokoa?

Adhabu ni gani?

Kitabu cha sheria ya makosa cha 30 Januari 1940 kinaadhibu yeyote anayempiga mtu kwa kusudi. Bibi ni mtu. Bwana naye ni mtu. Kipigo cha kawaida, hata kisichoacha alama, kinaweza kuleta kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6, pamoja na amande, au kimoja kati ya hivyo viwili. Kama mpigaji alikipanga mbele, ni mwezi 1 mpaka miaka 2. Aliyepigwa akipata ugonjwa, akishindwa kufanya kazi au akipoteza jicho, ni miaka 2 mpaka 5. Akifa, hata kama mpigaji hakutaka kumwua, ni miaka 5 mpaka 20. Ngumi ni ile ile moja. Lakini hakuna ajuaye itaangukia wapi.

Kutoka polisi mpaka tribinali

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema polisi hawawezi kumshika mtu kasho zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Ana haki ya kuambiwa kosa lake katika lugha anayoisikia, kujulisha jamaa yake na kusaidiwa na avoka. Kesi ya kipigo kisichozidi adhabu ya miaka 5 inakwenda tribinali ya amani.

Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, wazee wengi hupatanisha kwa mbuzi na kreti ya bia. Kupatana ni kuzuri, lakini hakufungi mikono ya parke: kosa ni la serikali pia. Ukiambiwa ulipe amande, dai risiti. Na kwa kosa la ubakaji, tangu sheria za 20 Julai 2006, hakuna kumaliza kwa amande ya polisi.

Mara ya kwanza inasaidia nini?

Kwa mtu asiyekuwa na hukumu nzito ya zamani, jaji anaweza kusimamisha adhabu isiyozidi mwaka 1, kwa muda anaoupanga. Mtu anarudi nyumbani, lakini akifanya kosa tena ndani ya muda ule na kuhukumiwa, adhabu ya zamani na ile mpya zinajumlishwa. Huo si msamaha, ni deni.

Hasara nyingine

Bibi anaweza kudai malipo ya maumivu na ya dawa. Tena, sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inahesabu kufungwa kati ya mambo yanayosimamisha mkataba. Mtu hafanyi kazi, halipwi. Nani atanunua unga na ndagala? Nani atalipa minerval ya watoto? Yule aliyepigwa ndiye anayebaki na mzigo.

Shauri letu

1. Hasira ikipanda, toka nje. Tembea mpaka ziwani, urudi ikishuka.
2. Siku ya mshahara, peleka franga nyumbani kwanza.
3. Mama aliyepigwa, nenda kwa daktari siku ile ile, uombe kartasi ya majeraha na uitunze.
4. Jirani, ukisikia kilio, bisha mlango. Usingoje damu.

Shimoni hatungoji mwamba uanguke ndipo tuweke miti. Nyumbani vilevile: usipoziba ufa, utajenga ukuta.