Kamera za filamu: Ipi ya kuaminika siku ya arusi?

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Buruburu, Umoja na Dandora, familia nyingi zingali zimehifadhi albamu za picha zilizopigwa kwa kamera za filamu. Mpiga picha wa mtaa alifika siku ya ubatizo, Idd au Krismasi, akapiga, kisha akarudi baadaye na picha zilizosafishwa ili adai malipo yake.

Filamu ya kawaida ilikuwa na nafasi 36 pekee, na picha haikuonekana hadi isafishwe. Kamera ikikosea, arusi haikurudiwa, na mteja hakulipa. Vijana wanaozitafuta tena kamera hizo za mitumba hawana budi kujiuliza swali lile lile: ipi ya kuaminika?

Zinazozungumziwa hapa ni zile zenye kioo ndani, kinachomwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi yenyewe. Anapobonyeza, kioo huinuka na pazia hufunguka ili mwanga uifikie filamu.

Zenit-E, iliyoanza kuundwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1965, ni nzito na ngumu kama chuma cha reli. Haihitaji betri, kwani kipimamwanga chake hujiendesha kwa mwanga wenyewe. Hata hivyo, kipimo hicho hudhoofika kwa uzee, na kasi za pazia ni chache: 1/30 hadi 1/500 ya sekunde. Lenzi yake hufungwa kwa kuzungushwa kama parafujo, jambo linalochelewesha kazi.

Pentax K1000 ya Japani, iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1997, ina kasi kuanzia sekunde moja hadi 1/1000. Betri huendesha kipimamwanga tu. Haina swichi ya kukizima, hivyo lenzi isipofunikwa kifuniko, betri huisha bure. Ikiisha, pazia huendelea kufanya kazi na mpiga picha hukadiria: penye jua kali, kwa filamu ya kasi ya 100, tundu la 16 na 1/125 ya sekunde hutosha.

Canon AE-1, pia ya 1976, ni nyepesi na hujichagulia tundu la lenzi baada ya mpigaji kuchagua kasi. Urahisi huo una gharama yake: betri ikifa, pazia halifunguki kabisa. Anayeitumia asiondoke nyumbani bila betri ya akiba.

Nikon FM2, iliyotolewa 1982, hufika 1/4000 bila kutegemea betri, lakini bei yake huwa ya juu kuliko za wenzake.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue mgongo wa kamera na kubonyeza katika kila kasi, akilitazama pazia kama limetoboka. Aielekeze lenzi kwenye mwanga kutafuta kuvu, achunguze kutu penye betri, na aguse sponji za mlangoni. Zikiwa zimeyeyuka kama lami, mwanga utapenya na kuharibu filamu.

Kwa anayejifunza au anayetegemea picha kwa riziki, Pentax ndiyo inayopatanisha bei na uhakika. Hata hivyo, ni busara kuijaribu kwa filamu moja nzima kabla ya kuipeleka arusini.