Je, Wajua? Spika za Nyuma Zinapokaa Kimya

Jioni ya muvi mpya, uwe Kabanga, Ngara mjini au Nyakanazi kule Biharamulo, kibanda umiza utakisikia kabla hujakiona. Majumbani nako hom thieta imekalia kabati lililokuwa la redio kaseti: spika tano ndogo, sabufa moja na waya zilizofichwa chini ya zulia. Haupiti muda, fundi anapelekewa lalamiko lile lile: spika za nyuma zimekufa. Mara nyingi hazijafa. Je, wajua kwa nini zinanyamaza?

Kichwa chako kinapima muda

Simama karibu na maporomoko ya Rusumo, fumba macho, ujizungushe. Bado utaonyesha kwa kidole yalipo maji. Sauti ikitoka ubavuni hufika sikio moja mapema kuliko la pili, na tofauti hiyo, ikiwa kubwa kabisa, ni kama sehemu 7 kati ya 10,000 za sekunde. Sikio la mbali pia huipata hafifu kidogo, maana kichwa kimeikinga. Kwa vitu hivyo viwili ubongo hujua upande. Hom thieta, ya bei yoyote ile, kazi yake ni kuuchezea ubongo huo.

Stereo ilizaliwa sinema

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alikerwa kumwona mwigizaji yuko upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Desemba 1931 aliomba hataza ya kurekodi na kupiga sauti kwa njia mbili, kushoto na kulia. Alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu rada, zaidi ya miaka 10 kabla ya santuri za stereo kuanza kuuzwa madukani.

Kuna spika katikati ambayo haipo

Kaa sawasawa kati ya spika mbili, kisha sikiliza mtu akizungumza. Kama sauti yake imewekwa kwa kiasi kile kile kushoto na kulia, utamsikia yuko katikati, penye ukuta mtupu. Sogea kiti kidogo na yeye atahamia kwenye spika iliyo karibu nawe. Ndiyo maana mfumo wa spika tano hutenga moja ya katikati kwa ajili ya mazungumzo, ili hata aliyekaa pembeni asikie maneno yakitoka penye picha.

Sauti nne ziliwahi kubanwa ndani ya njia mbili

Miaka ya 1970 kampuni ya Dolby ilipata namna ya kutia sauti za kushoto, katikati, kulia na nyuma ndani ya njia mbili tu za filamu. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyoitangaza mbinu hiyo duniani. Siri yake ni hesabu ya darasa la tatu: kujumlisha na kutoa.

Chukua mazungumzo yenye nguvu ya 8 kushoto na 8 kulia. Ukijumlisha unapata 16; ukitoa unapata 0. Sauti ya nyuma nayo huandikwa kinyume: upande mmoja unasukuma hewa, mwingine unaivuta. Ni 3 huku, na 3 ya kinyume kule. Ukijumlisha zinauana, ukitoa unapata 6. Basi jumla hupelekwa spika ya katikati, tofauti hupelekwa nyuma. Mbinu hiyo iliingia majumbani mwaka 1982, ikaboreshwa mwaka 1987 kwa jina la Pro Logic.

Redio yako ya FM hupiga hesabu hiyo hiyo

Wakazi wa Ngara wameizoea Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kituo chochote cha FM kinachorusha stereo hutuma jumla ya kushoto na kulia, kisha tofauti yake inapandishwa juu zaidi ambako sikio halifiki. Redio ndogo ya spika moja hula jumla na kuacha mengine. Redio ya stereo huchukua vyote viwili, ikatenganisha upya pande mbili.

Msimuliaji wa muvi hukaa katikati

Filamu za kusimuliwa, zile zilizompa jina Lufufu hapa Tanzania na VJ Jingo nchini Uganda, ni kipimo kizuri. Msimuliaji hutumia maikrofoni moja, na sauti yake ikirekodiwa sawa pande zote mbili, hom thieta humpeleka moja kwa moja spika ya katikati. Lakini kama nakala nzima imerekodiwa kwa njia moja, kushoto na kulia ni mapacha. Toa moja kwa nyingine, jibu ni sifuri, na sifuri ndiyo inayokwenda nyuma. Kabla hujamlaumu fundi, weka filamu nyingine.

Spika moja ya ziada yatosha kuisikia tofauti

David Hafler wa Marekani alivumisha njia isiyohitaji mtambo wowote: spika ya nyuma inafungwa waya zake mbili kwenye vituo viwili vyekundu vya amplifaya, cha kushoto na cha kulia. Kwa kuwa imekaa kati ya pande mbili, inapiga kile tu kisichofanana. Mwimbaji hupotea, makofi ya watazamaji na mwangwi wa ukumbi vinabaki. Tahadhari: si kila amplifaya inavumilia ufungaji huo, na baadhi huungua. Mwache fundi aamue.

Dijitali haibahatishi

Sauti ya 5.1 ya dijitali hubeba njia sita, kila moja peke yake. Dolby ilizindua ya kwake sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns, alama zake zikichapwa katikati ya matundu ya pembeni mwa mkanda. Cha kushangaza ni udogo wake: CD ya stereo hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde kwa njia mbili, ilhali Dolby kwenye DVD hubeba njia zote sita kwa kilobiti zisizozidi 448. Kinachotupwa ni kile ambacho sikio lisingekisikia. Mnong'ono kando ya mashine ya kusaga hausikiki, basi wa nini kuuhifadhi?

Waya nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu

Ukiunganisha king'amuzi au deki kwa waya hizo, hata kama filamu ina njia sita, zinazofika ni mbili, na hom thieta inarudi kwenye kujumlisha na kutoa. Waya wa mwanga au wa HDMI hupitisha sauti ya 5.1 ikiwa kamili, ili mradi mipangilio ya chombo imeruhusu.

Ile "nukta moja" ni ya sabufa

Njia ya sita hubeba milio mizito tu, isiyozidi mitetemo 120 kwa sekunde, ndiyo maana ikaitwa nukta moja badala ya kuhesabiwa nzima. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko sebule nyingi, hivyo masikio hayatambui linakotoka. Sabufa iweke popote. Ukiisukumia konani besi huongezeka. Mawimbi hayo hayazuiliki kirahisi na kuta, na ndiyo sababu jirani hapati hata neno moja la filamu yako, bali mabomu yote anayo.

Sasa sauti hutoka hadi darini

Mwaka 2012 mfumo wa Dolby Atmos ulianza na filamu ya Brave, ukiwa na spika juu ya vichwa vya watazamaji. Mwenye nyumba ya bati Ngara au Biharamulo haoni jipya. Masika yakianza, sauti ya juu anaipata bure, katika kila chumba, na hakuna rimoti ya kuipunguza.