Somo la Redio: Drili ya Betri na Keke ya Udongo

  Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: DRILI, KEKE, SHIMO. Haya, yasomeni pamoja. Yasomeni tena. Vema.

Leo tutasema juu ya kuchimba mashimo. Mvua za kwetu kusini ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili au Mei. Mtu anayetaka kupanda mikorosho hupenda mashimo yake yawe tayari kabla mvua haijashika. Wataalamu hushauri nafasi ya meta 12 toka mti hata mti, kila upande. Ukihesabu, utaona ya kuwa eka moja huingia mashimo kama 28. Mashimo 28 katika ardhi kavu ya Oktoba! Mgongo wako wajua habari hiyo kuliko mimi.

Sasa vijana wameona jambo katika simu zao. Katika nchi za baridi kali, kama Finland na Canada, maji ya ziwa huganda wakati wa baridi yakawa barafu ngumu. Barafu ikiwa nene ya kutosha, watu hutembea juu yake. Isipofika unene wa sentimita 10, mwenye akili haikanyagi. Wavuvi hutoboa tundu katika barafu hiyo, wakashusha ndoano majini. Zamani walizungusha keke kwa mikono. Siku hizi wengi huifunga keke ile katika drili ya betri, drili ile ile anayotumia seremala kutobolea mbao. Tundu la upana wa sentimita 15 au 20 hutoka upesi.

Basi kijana huuliza, "Ikiwa drili yatoboa ziwa lililoganda, itashindwaje na shamba la baba?" Swali zuri. Jibu ni kwamba keke za udongo zipo, zinauzwa, na drili yaweza kuzizungusha. Lakini usitoe fedha bado. Sikiliza kwanza.

Keke ya udongo ni mti wa chuma wenye bapa linalouzunguka toka chini mpaka juu, kama nyoka aliyejiviringisha mtini. Ncha hung'ata udongo, na bapa huupandisha juu. Keke ya barafu hufanana nayo, ila ina visu vikali chini. Usibadilishe moja kwa nyingine. Jiwe moja tu litaharibu visu vya barafu.

Na hapa ndipo penye tofauti kubwa. Barafu ni kitu cha namna moja toka juu mpaka chini. Haina mizizi wala mawe. Udongo wetu unayo yote mawili. Keke inakwenda vizuri, mara inanasa mzizi. Keke ikisimama ghafula, nguvu ya drili haipotei. Keke imekataa kuzunguka, basi drili yenyewe ndiyo itakayozunguka, pamoja na mkono ulioishika.

Mimi mwenyewe niliazima drili ya jirani nikatoboe shimo la nguzo karibu na mwembe. Niliishika kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa na sigara. Keke ilinasa mzizi. Kiwiko changu kilifika mahali ambapo Mungu hakukikusudia, na kifundo cha mkono kilivimba wiki tatu. Sigara sikuiona tena.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu hii italinda mkono wako. Juu ya sanduku la drili utaona namba yenye herufi Nm. Hiyo ni nguvu ya kuzungusha. Mathalani imeandikwa 60 Nm. Gawanya kwa 10, utapata 6. Maana yake, ukiizuia drili hiyo kwa mpini wa urefu wa meta 1, itakusukuma kama mzigo wa kilo 6. Mpini ukiwa wa nusu meta, ni kilo 12. Ukiwa wa sentimita 30, ni kilo 20. Ukiishika karibu, sentimita 10 tu toka katikati, ni kilo 60. Kilo 60 ghafula katika kifundo cha mkono! Mnaona? Drili ni ile ile, mpini ndio umebadilika. Kwa hiyo drili isiyo na mpini wa pembeni isikaribie keke ya udongo. Na mpini ukiwa mrefu ni bora zaidi.

Juu ya drili pana swichi yenye 1 na 2. Weka 1. Namba 1 huzungusha polepole kwa nguvu nyingi. Namba 2 huzungusha mbio, na nguvu yake ni ndogo. Kwa udongo, mbio hazina faida. Simama miguu imeachana. Usivae kitambaa kinachoning'inia, na mama zangu, fungeni kanga vizuri. Shuka kiasi cha kiganja, kisha inua keke imwage udongo, ndipo ushuke tena. Ukiizamisha yote mara moja, udongo utaishika, na kuing'oa ni kazi kuliko kuchimba. Ikinasa, toa betri kwanza. Kisha izungushe kinyume kwa mkono.

Udongo mkavu sana nao ni adui wa mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Kule Kongwa, ardhi ilipokauka ilikuwa ngumu hata majembe ya matrekta yakaharibika upesi. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Sisemi drili yako ni trekta. Nasema, mwaga ndoo ya maji mahali pa shimo jioni, uchimbe asubuhi.

Sasa habari ya betri. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina umeme wa wati-saa 90, maana 18 mara 5 ni 90. Kwa hesabu tupu, paneli ya jua ya wati 30 itaijaza kwa saa 3. Kwa kweli itachukua zaidi, maana umeme mwingine hupotea njiani, na chaja nyingi hutaka umeme wa nyumbani, hivyo itakubidi uwe na inveta. Wavuvi wa barafu huzificha betri zao ndani ya koti, maana baridi huzidhoofisha. Sisi taabu yetu ni joto. Betri iliyotoka kazini ikiwa moto, iache kivulini ipoe kabla ya kuichaji. Ikivimba, usiitumie tena, wala usiitupe motoni.

Je, drili itamaliza mashimo yako 28? Tupime. Shimo la mkorosho la sentimita 60 kila upande, na kina sentimita 60, hutoa udongo wa lita 216, yaani karibu ndoo kubwa 11. Tundu la keke ya sentimita 15, kwa kina hicho hicho, hutoa lita 10 na nusu hivi, yaani nusu ndoo. Shimo moja ni sawa na matundu 20. Kwa hiyo usiliuze jembe. Toboa matundu manne pembeni na moja katikati, kisha vunja kuta kwa sururu na uzoe kwa beleshi. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi.

Kwa nguzo za ua au za banda, hapo drili ina faida ya wazi, maana tundu jembamba ndilo unalolitaka. Mwenye mikorosho kumi tu asinunue. Watu wanane wakichanga, wakapeana zamu, hapo naona maana.

Kazi ya nyumbani. Sanduku limeandikwa 80 Nm. Mpini ni wa sentimita 40. Utasukumwa na kilo ngapi? Na mpini ukiwa wa sentimita 20? Andikeni majibu katika madaftari, mwalimu atayasahihisha. Kwaherini.