Mgongo Hupindia Kitini

Huku Usambara ajali hizi tunazijua: kijana kateleza juu ya mti, bodaboda imepinduka kwenye mteremko wenye utelezi. Mgongo ukivunjika, ndugu huulizana jambo moja tu: atatembea tena? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza atakaaje.

Misuli ya kiwiliwili iliyopooza kwa jeraha hilo haiwezi tena kuushika uti wa mgongo. Nyonga moja ikishuka, mgongo hujipinda ili kichwa kibaki wima, kama mti uliootea ukingoni mwa korongo. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Aliyevunjika kabla ya kubalehe bado anarefuka, na uti unarefuka bila kitu cha kuushikilia. Karibu wote wa umri huo hupinda, wengine hadi kufanyiwa upasuaji. Mbavu hubana mapafu. Uzito wote huangukia kalio moja, na kidonda huchimba kimyakimya kwa kuwa mwenyewe hasikii maumivu.

Kinachoniuma ni viti mwendo vya msaada vinavyogawiwa kwa saizi moja. Mtoto wa miaka tisa akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima, huegemea upande mmoja ili mkono upate pa kushika. Kitambaa cha kukalia nacho hulegea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, naye hudidimia humo kutwa nzima.

Kiti hupimwa kama nguo: upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha goti. Kazi hiyo ina mafundi wake, na TATCOT, chuo kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1981, kimewafundisha. Ila kwa mtu wa Mtae au Mlalo, kufika Moshi ni kumbeba mtoto mgongoni hadi barabarani, kushuka mlima hadi Mombo, kisha kupita Same na Mwanga. Na mtoto akikua, vipimo vimepitwa.

Mzazi asingoje safari ndipo aangalie. Mkalishe mwanao, piga magoti mbele yake, weka dole gumba juu ya mfupa wa nyonga kila upande. Dole moja likiwa chini kuliko jingine, mwone daktari mapema. Kitambaa kikiwa kimelegea, seremala yeyote wa Soni anaweza kukata ubao wa kukifunika. Juu ya ubao iwekwe sponji nene, kamwe asikalie ubao mtupu. Akishakaa, weka tena madole gumba uone kama yamelingana.